Kidari Kwenye Friza

Mimi na mdogo wangu tumepasuliwa moyo sote wawili, na mpaka leo naona yeye ndiye aliyepasuliwa vizuri. Kovu langu la mguuni linaanzia kwenye kifundo, linapita upande wa ndani wa goti na kuishia pajani, limepinda kama mshono wa fundi anayejifunza cherehani. La kwake la mguuni ni fupi, unalifunika kwa kiganja. Makovu ya kifua yamefanana, ila kilichofanyika ndani hakikufanana, na hicho ndicho kilichoninyima raha kwa miaka.

Asiyejua nimweleze. Mishipa inayoulisha moyo ikiziba, daktari hahangaiki kuizibua. Anachukua mshipa wa mahali pengine mwilini, anaushonea kwenye moyo, damu ipite pembeni ya pale palipoziba. Sisi wa mlimani tunaelewa upesi kwa sababu ni kazi ya mfongo. Mfereji ukifukiwa na udongo, wanaume wanachimba njia ya kuzunguka mpaka maji yafike mgombani. Swali ni moja tu, na hakuna aliyeniambia niliulize mapema: hiyo njia mpya itadumu miaka mingapi?

Nilitangulia mimi. Ni mkubwa kwake kwa kila kitu, nikawa mkubwa hata kwa ugonjwa. Nilipasuliwa Dar es Salaam, na nilipozinduka daktari akaniambia kwamba mshipa wa kifuani waliutazama wakaona ni mwembamba na damu yake inapita kwa unyonge, kwa hiyo mishipa yote wameitoa mguuni. Nikasema asante. Mtu katoka kufunguliwa kifua utamtaka aseme nini? Sikujua kama kuna mshipa bora na mshipa wa kujishikiza.

Baadaye zamu ikamfikia mdogo wangu, hospitali ileile. Yeye mshipa wake mkubwa wa mbele wakauunganishia ule wa kifuani, wa mguuni wakaongeza mmoja tu, kipande. Akarudi kwetu Machame, na haukupita muda akaanza kukata majani ya ng'ombe.

Kliniki ya Moshi tulikuwa tunakwenda pamoja. Daktari wetu ni binti mdogo, mpole, ana tabia ya kujibu kila anachoulizwa. Siku moja nikamuuliza, mdogo wangu akiwa amekaa pembeni yangu, kati ya mishipa yetu ni ipi inayodumu. Akasema, kwa kawaida, wa kifuani. Ule tangu mtu azaliwe unapeleka damu yenye nguvu, umezoea presha. Wa mguuni kazi yake ilikuwa kurudisha damu taratibu kwenda juu. Ukiuhamishia kwenye moyo unapigwa na presha usiyoizoea, kuta zake zinanenepa, na kwa wengine baada ya miaka kadhaa unaziba.

"Lakini matunzo ni muhimu sana," akaongeza. "Dawa, chakula, mazoezi. Wa mguuni ukitunzwa vizuri unaweza kudumu sana."

Mdogo wangu hakuyasikia hayo ya mwisho. Alikuwa anajipigapiga kifuani na kucheka. Nikasema, "Basi hata hospitalini walijua mwenye boma ni nani." Yule binti hakunielewa, mdogo wangu akanielewa sana.

Maana wivu wangu haukuanzia kwenye mishipa, ulianzia kwenye nyama. Kwetu nyumba ya baba na kihamba chake, shamba la migomba na kahawa, anarithi mtoto wa mwisho wa kiume, na huyu ndiye wa mwisho. Hilo nililikubali, mila ni mila, nami niliolewa Shirimatunda, Moshi mjini, nikapata kwangu. Lakini kila Desemba ukoo unaporudi nyumbani na kuchinja, kila kiungo cha mnyama kina mtu wake, na mtu hachagui. Kidari, nyama ya kifua, ni cha mwenye boma. Alikuwa anakila baba, na baba alipozikwa kikahamia kwa mdogo wangu, kijana ambaye mimi ndiye niliyembeba mgongoni na kumfuta kamasi. Kidari hakihamii kwa mwingine mpaka mwenyewe awe chini ya udongo. Mimi, binti niliyeolewa, napewa kipande cha paja.

Paja si baya. Lakini jaribu wewe kupewa paja maisha yako yote huku mwenzio anakatiwa kidari mbele ya macho yako, halafu siku ya kupasuliwa moyo, yeye kifua na wewe mguu tena. Utaniambia.

Siku hizo nilipokwenda kumsalimia, nilishuka barabarani na kupandisha kwa miguu ile njia ya katikati ya migomba. Yeye alikuja kunipokea. "Shikamoo dada." "Marahaba." Ananipokea kikapu, kisha anatangulia, na ule mlima yeye anaupanda kama yuko sebuleni. Mimi nikifika kwenye kona ya pili pumzi inanikaba, nasimama, najifanya nafunga kitenge. Kitenge changu kilikuwa kinafunguka kila ziara, mahali palepale.

"Pole pole dada," ananiita kutoka juu. "Usije ukauchosha huo wa mguuni."

Alikuwa anatania. Sisi hutaniana, tumelelewa hivyo. Lakini utani huo nilikuwa nalala nao na kuamka nao. Nilishaamua moyoni kwamba yeye ndiye atakayenizika. Niliyaona mazishi yenyewe, yeye amesimama na koti lake jeusi, anasema dada yetu alikuwa mchapakazi, watu wanaitikia, kisha anaketi kula. Kufa sikukuogopa kiasi hicho. Kilichoniuma ni kwamba nitakufa na yeye abaki, na Desemba ikifika bado atakatiwa kidari.

Watu huandika kwenye khanga na kwenye bajaji, mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga. Nilimeza dawa. Kila jioni baada ya kuwafungia kuku (nafuga kuku wa nyama, nawauza soko la Pasua wakiwa wamegandishwa, ndiyo sababu nina friza) nilimeza kidonge cha kulainisha damu na kile cha kupunguza mafuta, nikiwa nimekasirika. Nilitembea kila asubuhi kuzunguka mashamba ya mahindi ya jirani, na majirani wakadhani nimeokoka. Mbege, pombe yetu ya ndizi, niliacha. Kitimoto, ile nguruwe ya kukaanga, niliacha, na Mungu anajua nilivyokipenda. Kwenye sherehe nilikaa na machalari yangu, ndizi za kupika zisizo na nyama, wakati mdogo wangu anapitisha bakuli la kisusio, supu ya damu yenye mafuta yanayoelea juu, anakunywa, anarudia. Nilikuwa namtazama kila funda linavyoshuka kooni. Nilijiambia, subiri tu, sitakufa kabla yako ili ufurahi.

Yeye dawa alikunywa alipozikumbuka. Nikimuuliza anasema, "Wa kifuani hauna madai mengi, dada." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikamwambia. Akasema kwake guu wamechukua kidogo tu.

Kisha msimu mmoja wa kuchuma kahawa nikapanda kumsalimia kama kawaida. Akanipokea, akatangulia, tukafika kona ya kwanza akasimama. Akashika tawi la mbuni, akaanza kukagua buni mojamoja. Akazigeuza. Akazinusa. Nikasubiri. Tukaendelea kidogo, akaona mbuni mwingine unaotaka kukaguliwa. Sijawahi kuona kahawa ikikaguliwa hivyo hata na bwana shamba. Mimi kitenge changu kilikuwa kimefungwa vizuri na pumzi ninayo. Hapo nikaelewa. Huo ulikuwa ujanja wangu mimi, na sasa ameushika yeye.

Nilifurahi. Nikisema vinginevyo nitakuwa mwongo. Furaha ile ilipanda mpaka kooni, na nikampita njiani, nikatangulia mbele ya mdogo wangu kwenye kihamba cha baba kwa mara ya kwanza tangu tuwe watu wazima. Nikageuka nikamwambia, "Pole pole baba, usije ukauchosha huo wa kifuani."

Hakucheka. Alikuwa ameshika mti kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto umelala kifuani, na uso wake umekuwa rangi ya jivu. Furaha yangu ikaisha hapohapo. Nikamrudia, nikamshika kiuno, tukapanda polepole mpaka nyumbani.

Wifi yangu, mke wake, alikuwa jikoni. Alipotuona tulivyoingia hakuuliza kitu, alileta kigoda na maji. Baadaye akaniambia chinichini kwamba ni miezi sasa, kwamba usiku anakaa kitako kwa sababu akilala anabanwa, na kwamba amemkataza kuniambia mimi kuliko watu wote. Nilimwelewa. Mimi ningemkataza vilevile.

Nikamlazimisha kliniki. Ili akubali, nikasema na mimi najisikia vibaya, twende wote tukapigwe picha ya mishipa. Tukapigwa, ile ya kudungwa dawa inayowaka mwilini. Siku ya majibu tuliingia pamoja, na nakiri nilijiandaa kwa msiba wangu, si wa mtu mwingine. Nilijiambia haya ya kwake yatakuwa ni gesi au uzee, ya kwangu ndiyo yatakuwa kweli.

Yule binti akaigeuza kompyuta ili tuone. "Mama, mishipa yako iko wazi yote. Miguu yako imekutendea haki."

Nikamwomba atazame tena kama hawakuchanganya picha. Akasema hawakuchanganya. Kisha akaleta ya mdogo wangu, nami nikaona anavyotafuta maneno. Akasema ule wa kifuani wenyewe ni mzima, unapitisha damu vizuri. Ila mbele yake, ule mshipa wa moyo unaoipokea hiyo damu umeanza kuziba upya, na kile kipande cha mguuni kimeziba kabisa. Mafuta yamerudi, maana hayakuzuiwa. Mfongo ulikuwa mzima, ila maji yalikuwa hayafiki shambani. Akasema aende Dar mapema, wajaribu kupitisha waya kwenye mshipa wa mkono na kupatanua palipoziba kwa kijibomba cha nyavu kabla moyo haujaumia zaidi.

"Mapema ni lini?" nikauliza.

"Wiki hii ingekuwa vizuri."

Mdogo wangu akasema, "Umesema wa kifuani mzima."

"Ndiyo baba, lakini—"

"Basi." Akavaa kofia yake.

Hakwenda wiki ile. Kahawa ilikuwa bado juani. Baadaye ng'ombe alikuwa anakaribia kuzaa. Kisha Krismasi ikawa karibu, na hapo akapata sababu isiyoweza kupingwa: ukoo unarudi, yeye ndiye mwenye boma, nani atachinja, nani atagawa? Mchungaji alimwambia aende, akaitikia amina. Wifi alilia. Watoto wake walipiga simu kutoka kila waliko. Kanisani aliombewa kwa jina Jumapili mbili mfululizo. Na mimi, niliyekaa benchi la nyuma na mishipa yangu iliyo wazi, nilikuwa nawaza kwamba miaka yote niliyokunywa dawa kwa uaminifu hakuna aliyesimama kuniombea. Ndivyo nilivyo. Hofu ya kumpoteza ilikuwa imenishika, na wivu ukakaa papo hapo pembeni yake, havikugombana.

Siku ya kuchinja ikafika. Boma lilijaa. Mbuzi alichinjwa na vijana, mdogo wangu akiwa ameketi kwenye kiti anaelekeza kwa fimbo, kwa sababu kuinama hawezi. Watu walijifanya hawaoni. Ngozi ikatolewa, viungo vikapangwa juu ya majani ya mgomba, na ugawaji ukaanza kama siku zote. Huyu shingo, yule mgongo, wale wa boma la jirani utumbo. Paja langu likawekwa mbele yangu. Kidari kikabaki, kizima, kinasubiri kupelekwa jikoni kwa mwenyewe.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga, au labda nilipanga miaka mingi bila kujua. Nikapita katikati ya wanaume nikakishika kidari kwa mikono miwili.

"Hiki mwaka huu nachukua mimi," nikasema.

Baba yetu mdogo, ambaye ndiye mzee aliyebaki, akaweka kibuyu chake chini. Mdogo wangu akanitazama kana kwamba nimevua nguo.

"Dada, weka hiyo nyama."

"Siweki."

"Unajua kidari kinahama lini."

"Najua."

"Kwa hiyo umenizika?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Unanizika nikiwa nimekaa hapa nakutazama?"

"Unajizika mwenyewe. Mimi natangulia kuchukua urithi kabla ya foleni." Hasira ilikuwa imenipanda, na machozi nayo. "Maisha yangu yote nimekitamani hiki. Maisha yangu yote. Wewe umepewa, na mshipa wa kifuani umepewa, na vyote viwili unavichezea. Ningepewa mimi huo mshipa wako! Sasa sikiliza. Kinakwenda Shirimatunda, kwenye friza. Ukitoka Dar njoo ukichukue, sitakigusa. Usipokwenda, Desemba ijayo nakila mimi, peke yangu, na kila mtu hapa atajua kwa nini ninacho."

Baba mdogo alitazama chini. Nilisimama na nyama mikononi, damu inanichuruzika kwenye khanga, sijui hata nitaibebaje. Ndipo wifi yangu akatoka jikoni na mfuko safi, akaufungua mbele yangu na kuushikilia, nami nikakiweka kidari ndani. Mumewe alimwona. Alimtazama yeye kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

Nilishuka mlima na mfuko wangu. Paja langu nililisahau kwenye jani.

Maneno yalisemwa, na mengine yalinifikia hadi Pasua, kwamba dada wa fulani ameingiwa na uroho wa nyama uzeeni. Niliwaacha waseme, uongo haukuwa mwingi. Siku ya tatu wifi akapiga simu kwamba wamepanda basi la Dar. Alisema mdogo wangu hakulala tangu siku ile, na alichokuwa anarudia ni kimoja tu: hawezi kukubali kidari cha baba kiliwe na mtu aliyeolewa Shirimatunda.

Kisha kungoja. Umeme ulikatika mara kwa mara wakati huo, nami nililifunika lile friza kwa mablanketi, nikahamisha kuku wa wateja kwa jirani ili mtu asiwe anafungua mlango wake kila saa. Wakati mmoja umeme ulipokatika mchana kutwa, nilikaa juu yake kabisa. Na nitasema jambo ambalo wifi hajui. Siku walipomwingiza kwenye chumba cha waya na simu ikawa kimya, nilifungua friza nikiwa na kisu. Nilisema nikate kidogo tu, kipande cha kidole, nani atajua. Nimekingoja tangu nikiwa msichana. Kilikuwa kimeganda, kimeshika barafu nyeupe pembeni. Nikakitazama, nikaona nikikata hata uzi mmoja nitakuwa nimesema amekufa. Nikafunga, nikarudisha mablanketi.

Alirudi baada ya mwezi mpya kuingia. Sikuambiwa anakuja. Nilikuwa nawamwagia kuku maji nikasikia mtu anagonga geti, na alipoingia alikuwa amekonda, shati limemzidi, ila uso umerudi rangi yake. Ule mshipa wa mbele walifanikiwa kuupanua. Kile kipande cha mguuni wamekiacha, hakifai tena.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Nimefuata changu."

Sikumkaribisha hata kukaa, nilikwenda moja kwa moja kwenye friza. Nilikiyeyusha, nikakitoa mafuta yote yanayotoka, nikakichemsha na ndizi na chumvi kidogo sana kama alivyoagizwa, na muda wote huo yeye alikaa mlangoni mwa jiko akisimulia Dar ilivyo na joto. Akatoa pakiti yake ya dawa mfukoni, akameza mbele yangu bila kuambiwa, makusudi, nione. Nilipopakua, alikata kipande akakisogeza kwangu kwa ncha ya kisu.

"Kula. Baba hayupo, hakuna anayetuona."

Nikakitia mdomoni. Nilitafuna. Nikatafuna tena. Wenzangu, kidari ni mifupa. Mifupa na utando, na ile nyama iliyobaki ni ngumu na haina ladha ukishaitoa mafuta. Paja ni tamu mara kumi. Miaka yote ile mimi ndiye nilikuwa nakula vizuri.

"Vipi?" akauliza. Alikuwa ananitazama kwa makini, kama mtu aliyetoa kitu cha thamani na anataka kuambiwa.

Nikameza. Nikamwambia, "Kula chako umalize. Na Desemba ukigawa, paja langu usinipunguzie."